Mafundi mnaogusa ruta za mbali bila Safe Mode mnatutesa sana

Wakuu, leo naongea maana imezidi. Kuna mafundi mmekaa zenu ofisini mjini, mnafungua Winbox (programu ya kusimamia ruta za MikroTik), mnaingia kwenye ruta ya MikroTik iliyoko mnarani huko kijijini, mnaanza kugusa fayawoli (kichujio cha mtandao) na VLAN (mgawanyo wa mtandao) kama vile ruta iko mezani kwenu, na batani ya Safe Mode (inayorudisha mabadiliko yenyewe ukikatika) iko hapo juu kushoto inawatazama, hamuibonyezi!

Juzi fundi wa kampuni moja (siitaji) kaweka ruli ya drop (kutupa) kwenye input (data inayoingia kwenye ruta yenyewe), kaipachika juu ya ile inayoruhusu porti 8291 ya Winbox. Kabonyeza Apply, Winbox ikakata hapohapo. Sasa wateja wote kule DNS yao (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP) ni ruta hiyohiyo, nayo ikagoma kuwajibu, ikawa waifai inashika vizuri ila hakuna kinachofunguka. Wakala wa miamala kafunga kibanda, watu wanapiga simu wanatutukana, na anayepanda bodaboda na laptop na kebo kwenda kuingia kwa MAC adresi (namba ya kifaa chenyewe, bila IP) ni mimi, yeye huko mjini anakunywa chai.

Angekuwa ndani ya Safe Mode, muunganisho ukikatika ruta inafuta yenyewe kila alichobadilisha, hata ikichelewa kugundua kwamba umekatika ni kama dakika 9 hivi halafu kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Kwenye teminali ni Ctrl+X tu! Wenzetu wa Cisco wanapiga reload in 10 (ruta ijiwashe upya baada ya dakika 10 wasipoifuta amri hiyo) kabla hawajagusa kitu, wa Juniper wana commit confirmed, usipothibitisha ndani ya dakika 10 inajirudisha. Wote wanajilinda, nyie mnaona ni mambo ya wanafunzi.

Halafu kuna wale wanaosema "Safe Mode ilinifutia kazi". Kaka, umefunga Winbox bila kuibonyeza tena kuitoa, ulitaka ijue vipi kwamba umemaliza? Na wewe unayewasha halafu unabandika skripti ndefu ya kufa mtu, historia inashika vitendo 100 tu, ukipitiliza inakutoa kwenye Safe Mode yenyewe na mabadiliko yote yanabaki, hapo huna ulinzi wowote. Fanya kidogo, itoe ihifadhi, washa tena, endelea.

Na Quick Set (ukurasa wa kupanga ruta haraka) jamani, ruta imeshapangwa kwa mkono, ina briji zake na NAT zake, mtu anafungua Quick Set anachagua Home AP "kubadili pasiwedi tu", anavuruga IP na DHCP (ugawaji wa IP kwa vifaa) za mtandao mzima. Ile ni ya ruta mpya!

Wenye makampuni wekeni sheria, asiyetumia Safe Mode asipewe akaunti ya ruta ya mbali, na aliyejifungia nje alipe nauli ya kwenda mnarani mfukoni mwake. Kwenu nyie nauli hiyo analipa nani?