Tupeane uzoefu: Meza ndogo ya nje uliyoitengeneza wewe na rafiki yako

Mwanzisha mada, Morogoro

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kwa wale waliowahi kutengeneza meza ya mbao ya kukaa nje, si kwa kumwachia fundi kazi na kwenda zako, bali kwa mikono yenu wenyewe, wewe na rafiki au jirani. Nauliza kwa sababu ninayo moja chini ya mwembe nyuma ya nyumba, na atakayeweka juu yake kikombe cha chai kilichojaa ajue kuwa kitamwagika.

Niliitengeneza na rafiki niliyesoma naye sekondari, ambaye sasa ni mwalimu. Tuligawana kazi tukidhani kwamba tutamaliza haraka: yeye akate miguu miwili, nami nikate miwili. Urefu tulikubaliana kwa mdomo tu kwamba uwe ule wa kawaida wa meza ya kulia. Kwake yeye, aliyekulia karakana ya mjomba wake, kawaida ni inchi 30. Kwangu mimi ni sentimita 75. Futikamba ilikuwa moja, yenye inchi upande huu na sentimita upande ule, tukawa tunapokezana bila yeyote kumuuliza mwenzake anasoma upande gani. Inchi 30 ni sentimita 76.2. Miguu yake ikazidi yangu kwa zaidi ya sentimita moja, na kwa bahati mbaya tuliifunga kwa kukingamana, mmoja wake pembe hii na wa pili pembe inayoitazama hii, kwa hiyo meza ikawa inapembea.

Kisha tukafanya kosa la pili, ambalo naona lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Tulipunguza mguu mmoja kwa kukisia, ukawa mfupi mno. Tukapunguza wa pili ili uufuate, nao ukapitiliza. Meza imeshuka hadi sentimita 68 na bado inayumba. Mwenzangu anashikilia kuwa tatizo ni ardhi ya mwembeni, ambayo kweli ina mizizi, nami nashikilia kuwa ni miguu. Nani kati yenu amepitia haya, na alitokaje?

Mchangiaji, Pangani

Yangu haikuyumba, lakini ilinuka.

Nina rafiki ambaye kazi yake ni kuunda na kukarabati mashua. Nilipomwambia kwamba nataka kimeza cha barazani cha kunywea kahawa, alisema tutaunda wote, akimaanisha kwamba yeye ataunda nami nitashika mbao zisisogee. Mbao zilikuwa za mtiki, zilizotoka upande wa Muheza ambako kuna shamba la miti hiyo la Longuza. Nilikuwa nimenunua kilo moja ya misumari ya kawaida, naye akairudisha dukani siku ileile. Alisema kwamba kwa upepo huu wa bahari msumari wa chuma kitupu hauchukui muda kabla ya kuanza kulia machozi ya kutu juu ya mbao. Akachonga ulimi katika ncha za mbao za kuunganishia na tundu katika kila mguu, akavichomeka, kisha akatoboa kwa keekee na kupigilia vijiti vya mti mgumu badala ya misumari. Nilipokosea jambo langu la pekee, yaani kuacha ubao usogee wakati msumeno umo ndani, hakunigombeza. Aliugeuza ule upande uliokwaruzika ukaangalia chini, akaendelea.

Ugomvi ulikuja kwenye kupaka. Mimi nilitaka vanishi ing'ae. Yeye akasema kwamba vanishi ya ndani ikipigwa jua na mvua hubabuka kama ngozi ya mtu aliyeungua, na kwamba mbao za nje hulishwa mafuta. Hapo alikuwa na haki. Lakini mafuta aliyoyaleta yalikuwa sifa, yale ya ini la papa ambayo watu wa pwani hupaka vyombo vyao. Pua yake ilikwishazoea tangu utotoni. Yangu haikuzoea, wala za wageni wangu. Paka wa mtaa walihamia barazani kulamba meza, na mama mkwe alipokuja alikunywa kahawa yake akiwa amesimama uani. Baada ya wiki tatu tuliisugua kwa maji moto na sabuni, tukapiga msasa, tukapaka mafuta ya kitani, na leo inatumika vizuri, ingawa siku za masika, unyevu ukizidi, sifa hujikumbusha.

Mchangiaji, Moshi (seremala kwa kazi)

Ndugu wa Morogoro, acha kukata mguu mmojammoja. Kwa njia hiyo nimeona meza zikiishia kuwa vigoda. Iondoe mwembeni uiweke juu ya sakafu unayoiamini, kwa mfano ya veranda, baada ya kuipima kwa pimamaji. Ikiyumba hapo, miguu ndiyo yenye makosa na ubishi umekwisha. Weka kabari nyembamba chini ya miguu iliyo mifupi mpaka uso wa meza ulale sawa pande zote mbili. Kisha chukua kipande cha ubao chenye unene unaozidi kidogo kabari yako kubwa kuliko zote, ukilaze sakafuni, uweke penseli juu yake, na uzungushe mstari kwenye kila mguu kwa kipimo hichohicho. Kata kwa kufuata mistari hiyo, yote minne, bila kuruka hata mmoja. Benchi nalo lisisahaulike: mtu hukaa vizuri ikiwa uso wa meza umezidi kiti kwa sentimita 28 hadi 30, kwa hiyo meza ikishuka, benchi nalo lishuke.

Kwa wale wanaoanza sasa, kabla ya kukaza fremu pimeni kutoka pembe hadi pembe inayokingamana nayo, mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, fremu ambayo pande zake zinazotazamana zinalingana imekaa skwea, yaani pembe zake zote ni mraba. Visipolingana, sukumeni pembe mbili za kipimo kilicho kirefu zielekeane. Kazi hii ndiyo inayohitaji watu wawili hasa, kwa sababu mmoja hushika futikamba huku na wa pili husoma kule.

Halafu kuna ncha za chini za miguu. Ubao hunywa maji kwa ncha zaidi kuliko kwa ubavu, kwa sababu nyuzi zake zimekatwa na kubaki wazi, na ndiyo maana meza nyingi za nje huanza kuoza miguuni. Zilisheni mafuta ncha hizo hadi zikatae, kisha wekeni kila mguu juu ya kipande cha jiwe au tofali, ili usigusane na udongo na mchwa asipate njia ya kujificha. Mwenye mtiki akumbuke kwamba mti huo una mafuta yake wenyewe na gundi haishiki vizuri, ndiyo maana yule muunda mashua alifanya busara kutumia vijiti. Na matambara mliyopakia mafuta ya kitani msiyakunje na kuyarundika pembeni. Yatandazeni nje yakauke, kwani yakiwa yamefungamana hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto.

Mchangiaji, Mombasa

Sisi hatukununua mbao. Mimi na somo yangu tulipata paleti mbili, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, kwenye ghala moja la Shimanzi, tukaona tumeokota dhahabu. Kilichotuchelewesha ni kuzibomoa. Misumari ya paleti ina mizunguko kama skrubu na haitoki kwa kung'oa, kwa hiyo mbao tatu za kwanza zilipasuka katikati. Baadaye tuliingiza msumeno wa chuma kati ya ubao na gogo lake tukaikata misumari humohumo, mmoja akitanua kwa mtaimbo na mwenzake akikata, na jioni mikono ilikuwa haishiki hata kijiko.

Nawaomba wenye nia kama yetu waangalie muhuri uliochomwa ubavuni, wenye alama ya shuke la ngano. Herufi HT zina maana kwamba mbao zilipashwa joto, nyuzi joto 56 za Selsiasi ndani ya kiini kwa dakika 30 angalau, ili kuua wadudu. Herufi MB zina maana kwamba zilifukizwa kwa gesi ya sumu iitwayo methili bromidi, na hizo ziacheni hukohuko. Paleti yetu ya pili ilikuwa HT, lakini ilikuwa na doa jeusi ambalo hatukujua limetokana na mzigo gani, nasi hatukutaka kulia chakula juu ya doa hilo. Tukaitumia kwa miguu, na uso tukatengeneza kwa ile iliyokuwa safi.

Mchangiaji, Mufindi

Huku kwetu mbao za paini si tatizo, kwani tunaishi kando ya msitu wa Sao Hill. Tatizo ni haraka. Mimi na jirani yangu, ambaye watoto wetu wanasoma darasa moja, tulinunua mbao zilizotoka kupasuliwa asubuhi hiyo, bado mbichi na nzito, tukazipanga uso mzima bila kuacha nafasi, tukafurahi jinsi zilivyobanana. Kiangazi kilipofika zilisinyaa hadi kijiko cha chai kikapita katikati yake, na ubao wa pembeni ukajikunja kama mtumbwi. Tulifungua zote, tukaziweka kivulini kwa miezi miwili zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili upepo upite, kisha tukazirudisha kwa kuacha nafasi ya nusu sentimita makusudi. Safari hii tulitumia bolti na nati badala ya misumari.

Hizo bolti zilikuja kutusaidia kwa jambo ambalo hatukulitarajia. Jirani alihamishiwa Songea, na kila mmoja wetu akaona meza ni yake na akaona aibu kulisema. Hatimaye tuliifungua: yeye akachukua uso, mimi nikabaki na miguu. Mimi nimeipatia miguu yangu uso mpya. Yeye bado hajapata miguu, na ule uso ameuegemeza ukutani akisubiri nije tukate pamoja.

Mwanzisha mada, Morogoro

Nawashukuru nyote. Jumamosi tuliipeleka meza verandani kama fundi wa Moshi alivyoelekeza, na hapo pia iliyumba, kwa hiyo mwalimu amekubali kwamba ni miguu, ingawa aliongeza kwamba hata ardhi ya mwembeni si ya kusifiwa. Kabari ziliingia mbili, moja ya milimita 4 na nyingine ya milimita 9. Mistari tumechora kwa kusoma upande wa sentimita, mimi nikitamka na yeye akirudia kabla ya penseli kugusa mti, na meza itabaki na sentimita 66 na kidogo. Sasa benchi nalo linatakiwa kushuka. Amejitolea kulikata kesho asubuhi kabla sijatoka kazini. Nimemwomba asubiri niwepo.