Modili ya diodi ya “1600 V”, dola 45, siku tatu ikapasuka, na mwenye duka anacheka

Bayaya na badogo wa atelie, leo naandika na hasira, mutanisamehe maneno.

Posti yangu ya suduri (mashini ya kuunganisha chuma), ile ya onduleri ya trifaze, ampere 400, ilikufa modili ya diodi mwezi uliopita, ile yenye inageuza kuran alternatifu (ya kwenda na kurudi) kuwa kontini (ya upande moja). Sikulia, ilitumika miaka, hata mutu anachoka. Nikashuka mu mji ku duka moja ya bintu ya elektroniki (jina naacha, mwenyewe akisoma atajijua), nikalomba ponti ya diodi sita, ampere 100, volti 1600 (njo volti yenye diodi inaweza kuzuia bila kupasuka). Kijana akatoa moja mu kartoni inangaa mpaka macho inauma, maandiko ya kampuni kubwa ya Ulaya, dola 45, hakuna kupunguza. Akachukua multimetri mbele yangu, akapima diodi moja moja, inasoma 0,4 na kitu, anageuza nsinga inasoma OL (hakuna kupita), “papa, si unaona, iko bie”. Na miye na mvi zangu zote nikalipa.

Siku tatu. Ya tatu kijana wangu alikuwa anafunga tanki ya maji, nikasikia paa! kama mutu amepiga debe na nyundo, dizonktere ikaanguka, na ile moshi ya plastiki yenye inakaba mu koo. Kufungua kapo: modili imepasuka katikati, pa skruvi ya faze ya pili pamekuwa pausi pii.

Nikarudi ku duka. Sasa musikie majibu. Kwanza, “papa, garanti ya elektroniki inaishaka ku mulango”. Kiisha, “papa, kuran ya huku njo inaua bintu”. Kiisha, “labda mulifunga mubaya, hamukuweka pati”. Pati ya kupitisha joto niliweka, varista (yenye inakata miruko ya volti) iko muzima, ventilatere inazunguka, nikamuonyesha foto. Mwenzake akatupa maneno kule nyuma, eti kugeuza kuran alternatifu kuwa kontini ni mambo ya batu wa masomo, hatuyajui huku. Hatuyajui! Mu Katanga! Kuran inatoka Inga inakuja paka Kolwezi ikiwa kontini, kilometa 1.700 hivi, tangu 1982, kule Inga inageuzwa na Kolwezi inarudishwa, na tiristori (ndugu ya diodi, yenye unaamuru saa ya kufunguka), si na diodi ya kuokota. Shaba ya Luilu na ya Shituru inashikamana ku katodi (sahani ya negatifu) kwa nguvu ya kuran kontini. Baba yangu alitumika ku elektrolize Likasi, nilisikia neno redreseri (mashini ya kugeuza kuran kuwa kontini) mbele nijue kuandika jina langu.

Tupige hesabu basi. Trifaze ya 400 V, kilele yake ni volti 566. Ukiipitisha mu ponti ya diodi sita unapata karibu 540 ya kontini. Diodi ya kweli ya 1600 iko na nafasi karibu mara tatu, na ile nafasi njo tunalipiaka dola, juu umeme ukikatwa na kurudi, ao jirani akiwasha kinu yake, laini inaruka. Ile ya zamani ilimeza miruko hiyo miaka yote. Ku upande wa ampere, posti ikitoa 400 pa volti 36 ni kilowati 14 na kitu, weka na yenye inapotea, mu modili inapita ampere 30 na kidogo. Modili ya 100! Mutu anabebaka gunia tatu, umemupa moja, anaanguka anakufa, na unaambiwa ni mazigo.

Sikuitupa. Nikaipeleka na ile ya zamani ku mizani ya mama anauzishaka fretini pa kona, akanicheka lakini akapima: ya zamani nzito karibu mara mbili. Nikakwangua chini na limu (tupa). Chini ya ile rangi ya nikeli, ya zamani inatoka nyekundu, shaba. Mupya inatoka nyeupe. Alumini. Miye mutu wa hii inchi, yenye kutoka 1971 mpaka 1997 iliitwa Shaba kabisa, nauziwa alumini na dola 45. Nikavunja plastiki na patasi: ndani kipande ya silisi, yenye njo diodi yenyewe, kadogo, kama nusu ya punje ya hindi, mu ya zamani kilijaza ukucha wa kidole gumba. Joto itapitia wapi? Kila wakati diodi mbili zinapitisha, kila moja inakula karibu volti moja, mu ampere 30 ni wati 60 zenye lazima zishuke mu ile chuma ya chini, haraka, kila sekunde.

Na diodi tatu zenye hazikuungua, mu multimetri zilikuwa bado “bie”. Nikaazima megeri (chombo ya kupima na volti kubwa) ya rafiki anatumika mu mina: mu volti 500 zinashika, mu 1000 zinaachia kuran ipite, sindano inalala. Kumbe si 1600 hata kwa kuota. Multimetri inasukuma volti mbili tatu tu, ni kama kupitisha kuku ku daraja kiisha unaambia kamio ya mchanga, pita. Na yule kijana anajua. Njo maana anapima mbele yako na furaha yote.

Kwa hiyo mukienda kununua, bebeni limu na ile mbovu ya zamani ya kulinganisha uzito, muombe kukwangua pembeni. Mwenye duka akikataa, toka.

Jana usiku amenitumia ujumbe. Nawaandikia vile vile: “Papa, ongeza 20 dola nikupe ya orijinali.”

Sasa ile ya kwanza uliniuzisha ilikuwa nini, mwana?