Naombeni ushauri: kikaragosi anapotea katikati ya video, nikate au niache?

Mkono_wa_Soksi (mleta uzi):
Wakuu, habari za saa hizi. Niende moja kwa moja maana muda umenibana. Nimerekodi igizo la vikaragosi hapa nyumbani kwa simu, dakika 9, la watoto wa miaka minne hadi saba. Vikaragosi ni viwili, vyote vya soksi: Kifungo (jicho lake moja ni kifungo cha shati) na Chapeo. Kisa chenyewe: Kifungo kachora picha nzuri, anaificha, marafiki wanaitaka, mwishowe anajifunza kugawana na wenzake.

Shida iko dakika ya 6 na sekunde 20. Chapeo anashuka chini ya meza na harudi tena. Kifungo anaongea peke yake mpaka mwisho kama mtu anayesubiri basi lililokwisha kupita. Jumamosi kuna watoto wanakuja kuiangalia. Nikate kuanzia hapo, au kuna ujanja wa kuficha? Kurekodi upya haiwezekani, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu.

Fundi_Mwanga:
Mkuu, hilo dogo. Acha sauti ya Kifungo iendelee, juu yake laza picha ya karibu ya kile kinachozungumziwa, yaani mchoro. Sekunde nne au tano zinatosha. Ukirudi kwa Kifungo, mvute awe katikati ya fremu, mtazamaji hatamtafuta mwenzake. Halafu rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba hicho hicho uulaze chini ya sauti yote, la sivyo kila ulipokata patasikika. Na siku nyingine kumbuka: kinywa cha kikaragosi kinafunguka kwenye silabi na kufungwa neno likiisha. Wanaoanza hufanya kinyume, utadhani kikaragosi anayauma maneno.

Mchokozi:
Chapeo hajapotea. Ni soksi. Katika kila jozi lazima mmoja atoroke.

Mkono_wa_Soksi:
Fundi, ahsante sana. Ila mchoro kwa sasa hauko katika hali nzuri ya kupigwa picha.

MamaPacha:
Kugawana! Nina pacha wa miaka mitano, nilijaribu kuwafundisha kwa boksi moja la krayoni. Siku ya kwanza walivunja kila krayoni katikati ili kila mmoja apate nusu. Nikasema haya, angalau hesabu wanaijua. Siku ya pili mmoja akalia kwamba nusu yake ya bluu ni fupi. Nikapima kwa rula, mtu mzima mimi, niko sakafuni napima krayoni. Na kweli ilikuwa fupi. Tangu hapo kila mtu ana boksi lake, na cha ajabu sasa wanaazimana wenyewe bila kusukumwa. Sijui kama inakusaidia, nimeona niseme tu.

Mzee_wa_Hekima:
Watoto wa siku hizi wanafundishwa kugawana na soksi kwa sababu wazazi wako kwenye simu. Sisi tulifundishwa na mzazi mwenyewe, tena kwa macho tu.

Mchokozi:
Na wewe Mzee umeandika hayo kwa kutumia nini, kinubi?

Mwalimu_wa_Chekechea:
Turudi nyuma kidogo. "Hauko katika hali nzuri" kivipi? Umelowa? Na pili, ndugu mleta uzi, kuna kitu kimenikera kwenye kisa chenyewe. Kuonyeshana mchoro na kugawana mchoro ni mambo mawili. Mpira ukigawana na mwenzako, mnacheza zamu kwa zamu, mpira unabaki mpira. Mchoro unagawanwaje?

Mkono_wa_Soksi:
Mwalimu, ni igizo tu. Marafiki ni wanne, picha ni moja, kwa hiyo Kifungo anaikata vipande vinne, kila mmoja anapata chake. Watoto wanaelewa haraka kitu wanachokiona kwa macho. Kwa hiyo mchoro umekatwa, ndiyo. Naomba tujikite kwenye swali la kuhariri.

Mwalimu_wa_Chekechea:
Mchoro wa nani?

MamaPacha:
Ndiyo, wa nani?

Mkono_wa_Soksi:
Tulikuwa na mchoro wa igizo, nilioufanya mimi kwa penseli. Kwenye simu ukaonekana karatasi nyeupe tupu, mistari yote imemezwa na mwanga wa dirishani. Nikachukua mmoja wa binti yangu (ana miaka sita) kutoka kwenye droo yake. Ana michoro zaidi ya hamsini mle. Na niliupiga picha kwanza, kwa hiyo kwa maana fulani haujapotea. Aliiona video baadaye, akalia, ni kawaida ya watoto, atasahau. Igizo ni la kujenga, na watoto wengi watafaidika.

Mwalimu_wa_Chekechea:
Atasahau? Nimefundisha wadogo miaka mingi. Nikitaka kuandika jina la mtoto kwenye mchoro wake nageuza karatasi, naandika nyuma. Ukiandika mbele anakuja kukuuliza kwa nini umeweka mtu mwingine kwenye picha yake. Hamsini ni kwa hesabu yako. Yeye anaujua mmoja mmoja. Huo uliokatwa ulikuwa wa nini?

Mkono_wa_Soksi:
Boti. Ndani kuna watu saba, mmoja hana mdomo. Niliwahi kumuuliza, akasema huyo bado hajaamua atasema nini.

Kifungu_cha_Sheria:
Nitoe mwanga kidogo. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, kazi ya sanaa inalindwa tangu inapoundwa, bila kusajiliwa popote, na aliyeichora ndiye mwenye haki, awe na miaka sita au sitini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 12, unataka mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Na ukitaka kuiweka YouTube, tangu Januari 2020 lazima useme kama video ni ya watoto, na ukisema ndiyo, sehemu ya maoni inafungwa.

Mchokozi:
Kesi ya kwanza duniani ambayo kielelezo namba moja ni soksi.

Mkono_wa_Soksi:
Sina mpango wa YouTube. Nimeituma kwenye grupu la wazazi tu.

MamaPacha:
UMESHAITUMA? Sasa unaomba ushauri wa nini?

Mkono_wa_Soksi:
Nimetuma dakika sita za kwanza, kama kionjo. Wamependa. Ndiyo maana Jumamosi siwezi kuahirisha.

Jicho_la_Tatu:
Wadau, mimi nimesoma uzi huu mara mbili na nasema hii ni chai. Hesabuni mikono. Kifungo mkono mmoja, Chapeo mkono mmoja, mkasi mkono mmoja, na karatasi inashikwa na nani? Bwana huyu ana mikono minne? Kama ana msaidizi wa kumshika Chapeo, kwa nini msaidizi aache kazi dakika ya 6 na sekunde 20? Mtoto kaiona video "baadaye", kwa hiyo kilio hakina uhusiano na Chapeo kushuka. Vipande vya hadithi haviungani. Mleta uzi, chai yako imekolea sukari.

Mchokozi:
Nimevuta kiti.

Soksi_si_Lazima:
Kuhusu mikono, si ajabu. Wanaocheza vikaragosi kwa kazi huweka mkono wao wenye nguvu kichwani na wa pili kwenye fimbo, na mara nyingi mtu wa pili anaazima mkono. Jim Henson, mtengeneza vikaragosi wa Marekani, alimshona kikaragosi wake Kermit wa kwanza mwaka 1955 kutoka kwenye koti kuukuu la mama yake, macho yakiwa mpira wa pingpong uliokatwa nusu. Kwa hiyo mleta uzi, kama Chapeo amepotea moja kwa moja unaweza kumtengeneza mwingine kwa kitambaa chochote.

Jicho_la_Tatu:
Koti la mama yake aliliomba au naye alilichukua kwenye droo? Nangoja jibu la mikono.

Mkono_wa_Soksi:
Sawa. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa ndani ya Kifungo, kinywa kimebana karatasi upande mmoja. Chapeo kabana upande wa pili. Mkono wa kulia nilivaa glavu nyeusi nikashika mkasi. Chapeo alichezwa na binti yangu.

Alikuwa amekaa chini ya meza, mkono juu, shuka limening'inia mbele. Kule chini huoni kinachoendelea juu. Aliusikia mkasi, akadhani ni karatasi yangu ya penseli. Chapeo akapokea kipande chake kinywani, akasema "ahsante Kifungo" kama tulivyofanya mazoezi, akashuka nacho. Ndiyo hiyo dakika ya 6 na sekunde 20.

Hakulia. Niliandika alilia kwa sababu kulia kunaeleweka. Mimi juu niliendelea kuongea, nikidhani kasahau zamu yake. Mpaka mwisho wa video naongea.

MamaPacha:
Mungu wangu.

Fundi_Mwanga:
Mkuu, nafuta ushauri wangu wa mwanzo. Hapo hakuna cha kufunika.

Mzee_wa_Hekima:
Kijana, mwombe radhi mtoto.

Mkono_wa_Soksi:
Nimemwomba. Akasema Chapeo haongei na Kifungo. Nikamwambia si Kifungo, ni baba. Akasema sauti ni ile ile.

Mwalimu_wa_Chekechea:
Kwanza toa hicho kionjo kwenye grupu leo, usingoje kesho. Pili usimletee karatasi mpya na krayoni mpya umwambie achore tena boti. Wazazi wengi hukimbilia hapo. Mpe hivyo vipande bila hotuba, na selotepu kando, anyamaze navyo anavyotaka. Jumamosi watoto wakija, waje wacheze. Video si lazima.

Jicho_la_Tatu:
Ya mikono nimekubali. Chai imepoa. Lete mrejesho.

Mkono_wa_Soksi:
Mrejesho, wakuu. Kionjo nimekifuta, mzazi mmoja ameuliza kwa nini, nimemjibu ina kasoro. Jumamosi wamekuja, wamecheza, hakuna aliyeulizia video isipokuwa baba mmoja.

Vipande vitatu nimempa na selotepu. Ameviunganisha, akaacha pengo pale pa nne, akabandika ukutani chini kabisa, usawa wa goti langu. Kipande cha nne kiko ndani ya Chapeo, amekisukumiza mpaka kwenye vidole vya soksi, na analala naye.

Jicho_la_Tatu:
Yule asiye na mdomo yuko kwenye kipande kipi?

Mkono_wa_Soksi:
Ukutani hayupo. Ndani ya soksi sijaruhusiwa kuangalia.