Mlango una mikwaruzo ya mbwa wangu aliyekufa, fundi anakuja Jumamosi. Nifanyeje?

BintiKinyerezi:
Habari za jioni wakuu, poleni na foleni. Naombeni mnisikilize maana hapa mtaani nikiongea hili jambo naonekana nimechanganyikiwa.

Mbwa wangu amekufa wiki tatu zilizopita. Jina lake Kiroba. Nilimpata masika ya 2015 kwenye mtaro huku Kinyerezi, watoto wanamrushia mawe, mguu wa nyuma umevunjika, mdogo hivi ningeweza kumbeba kwa mkono mmoja. Bajaji mbili zilikataa kutupakia, ya tatu akasema sawa ila usimuweke kwenye siti, nikaomba kiroba cha unga kitupu dukani nikamtia humo kichwa kikiwa nje, ndo jina likatoka hapo. Mguu ulipona ila akawa anachechemea mpaka mwisho.

Sasa kila nikirudi kazini alikuwa ananisikia nikiwa bado dukani kwa mangi, anasimama anakwaruza mlango kwa ndani, miaka yote hiyo. Ule mlango ni wa mninga, chini umeliwa kabisa, mistari mingi inapishana na upande mmoja imeingia ndani zaidi kwa sababu mguu mmoja ulikuwa mbovu kwahiyo akisimama alikuwa anaegemea kulia. Baba mwenye nyumba ameona, hana tatizo ni mtu mwema tu, kasema ataleta fundi Jumamosi apige randa na vanishi upya. Mimi ni mpangaji siwezi kumwambia acha mlango wako ubaki umechakaa. Ila jana usiku nilikaa chini pale nikapitisha vidole kwenye ile mistari nikalia kama mtoto.

Na kuna kingine. Figo zilikuwa zimekwisha, hataki kula, anatapika, daktari akaja nyumbani akashauri sindano nikakubali. Nilikuwa nimeshika kichwa chake. Mwisho akavuta pumzi moja kubwa na tangu siku ile najiuliza kama aliumia, na kama nilikuwa na haraka. Nimemzika Chanika kwenye kiwanja cha mjomba. Ofisini nilisema nimefiwa, walipojua ni mbwa wakaniambia "amekufa" sio "amefariki", basi ikaishia hapo.

Nyie mliowahi kuokota mbwa wakaishi na nyie wakaondoka, mnawakumbukaje? Na huu mlango?

Mama_Wawili_Goba:
Pole sana mdogo wangu. Pole ya kweli, usijali maneno ya ofisini. Mtu umekaa nae miaka yote hiyo anakupokea mlangoni kila siku, hata ndugu wengine hawafanyi hivyo.

Kuhusu mlango chukua karatasi kubwa ya manila na penseli laini au mkaa, bandika karatasi juu ya mikwaruzo kwa gundi ya karatasi, halafu paka penseli kwa ubapa taratibu. Ile mistari itatokea yote kwenye karatasi kama tulivyokuwa tunatoa picha ya shilingi shuleni. Fanya kabla ya Jumamosi na fanya mbili tatu maana ya kwanza huwa inaharibika. Mimi nilifanya hivyo kwa unyayo wa paka wetu uliobaki kwenye sementi ya uwani kabla hatujaweka tailizi, na mpaka leo iko ukutani sebuleni, wageni wanadhani ni ua.

DaktariWaMifugo_Dsm:
Pole dada. Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro na hii kazi ya sindano nimeifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda, kwahiyo nijibu lile la pumzi kwanza maana naona ndo linakunyima usingizi.

Dawa ile ni ya usingizi, sema inatolewa dozi kubwa sana kuliko ya upasuaji. Kinachozima kwanza ni fahamu, na ikiingia kwenye mshipa hiyo ni sekunde chache tu, halafu ndo upumuaji unasimama, moyo unakuwa wa mwisho. Ile pumzi kubwa, au misuli kucheza, au macho kubaki wazi, vinakuja wakati yeye mwenyewe hayupo tena. Ni mwili tu. Hakuumia dada yangu. Na figo za mbwa zina tabia ya kuficha, mpaka unaona anakunywa maji sana na kutapika ujue sehemu kubwa ilishaharibika zamani, kwahiyo hukuwa na haraka, ungesubiri angekufa kwa taabu.

Ila nikuulize, kule Chanika mlichimba kina gani? Ile dawa inabaki kwenye mwili muda mrefu na mbwa wengine wakifukua wakala wanaweza kufa. Kama shimo halifiki kiunoni kwa mtu mzima ongezeni udongo na mawe mazito juu.

Kuhusu kukumbuka mimi nina kawaida yangu. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ndo siku aliyokufa Louis Pasteur mwaka 1895, yule ambaye yeye na wenzake walitengeneza chanjo ya kichaa. Nilikuwa na mbwa anaitwa Simba, wa kuokota pia, Mwenge pale. Kila mwaka siku hiyo natafuta mbwa wawili watatu wa mtaani, wale wanaolishwa na mama lishe lakini hawana mwenyewe, nawachanja kwa hela yangu na kwenye daftari langu upande wa mmiliki naandika Simba. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna dawa tena, kwahiyo wale mbwa watatu wakiwa salama na watoto wa pale wako salama. Nikifungua lile daftari naona jina lake limejaa kurasa.

mzee_mbagala:
Binti yangu pole. Mimi ni Muislamu, mbwa wetu anakaa nje na akikulamba unatia maji mara saba moja kwa udongo, tumelelewa hivyo. Lakini watu wanachanganya najisi na chuki, na hivyo ni vitu viwili. Wale vijana wa pangoni kwenye Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao, ametajwa ndani ya Kitabu amenyoosha miguu ya mbele kizingitini anawalinda. Na kuna hadithi sahihi ya mtu aliyeteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa.

Mbwa wetu, jina lake Mlinzi, alikufa mwaka juzi, tulimuokoa kwa watu waliotaka kumtilia sumu. Bakuli lake la maji sijalitoa getini. Kila alfajiri nikitoka msikitini nalijaza, mbwa wa mtaa wanakunywa, kuku wanakunywa, kunguru wanakunywa. Mke wangu anajua ni la nani na hajawahi kuniuliza.

kijana_tabata:
Chukua mwingine tu dada, wako wengi wanateseka huko mitaroni, majonzi yataisha.

Mama_Wawili_Goba:
@kijana_tabata nia yako nzuri mwanangu lakini sio sasa. Mbwa mpya akiletwa kwenye nyumba yenye msiba anakuwa analinganishwa kila siku, ale hivi, mwenzake alikuwa hivi, anaonewa bila kosa. Atajua mwenyewe siku akiweza kumuita mwingine jina lingine bila ulimi kuteleza.

BintiKinyerezi:
Nimesoma zote wakuu, nimelia lakini sio kama jana. Daktari Mungu akubariki, lile la pumzi umenitua mzigo. Nimempigia mjomba, anasema walichimba mpaka kifuani kwa yule kijana wake mrefu na kuna tofali juu. Mzee wangu shikamoo, nimekuelewa sana. Nitarudi kuwaambia ya mlango.

BintiKinyerezi (Jumamosi):
Nimerudi. Ijumaa usiku nilitoa karatasi nne, ya tatu ndo imekubali vizuri, hata ile mistari ya kulia iliyoingia ndani imetoka nyeusi kabisa. Asubuhi fundi kaja na randa yake, kachuchumaa, kaangalia, kaniuliza huyu mbwa alikuwa anachechemea? Nikashangaa amejuaje. Akasema kucha zinaonyesha uzito ulikuwa upande mmoja. Nikamsimulia yote, ya mtaro, ya bajaji, ya kiroba. Akapiga simu kwa baba mwenye nyumba wakaongea pembeni, aliporudi akasema mzee ameruhusu, hapa chini nitakata kipande niweke mbao mpya, hiki cha zamani chukua.

Kipo hapa mezani naandika huku nakiangalia. Kina urefu kama wa rula mbili. Bado kina nywele zake mbili zimenasa kwenye mpasuko.