Mjadala: "Funga kioo, kuna mtoto." Je, baridi ndiyo inayoleta nimonia?

Mleta mada, Mbeya

Wiki iliyopita nilipanda daladala alfajiri kutoka Uyole. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua. Tumejazana, wengine wamesimama hadi mlangoni, na siti ya nyuma kuna mzee anakohoa tangu tunaondoka. Nikasogeza kioo kidogo. Mama aliyempakata mtoto akaniambia, "Kaka, funga kioo, kuna mtoto, atapata nimonia." Abiria wakamuunga mkono, konda naye akasema funga. Nikafunga. Safari nzima yule mtoto akawa anavuta pumzi ya mzee yule yule.

Simlaumu mama. Hata mimi nimelelewa hivyo. Lakini tangu siku hiyo roho haijatulia, kwa sababu naamini kioo tunachokifunga kwa ajili ya mtoto ndicho kinachomuumiza. Mafua, korona, surua, kifua kikuu, vyote hutoka kwenye pumzi na makohozi ya mtu mgonjwa. Upepo hauna kirusi.

Watafiti waliopima hewa katika hospitali za Lima, Peru, walichapisha mwaka 2007 kwamba katika wodi zilizofunguliwa madirisha na milango, hewa ilibadilika kiasi cha mara 28 kwa saa. Vyumba vya kisasa vinavyotegemea mashine vilifikia mara 12. Dirisha ni la bure, nasi tunalifunga.

Hoja yangu: iwe kanuni, daladala na madarasa yasifungwe madirisha msimu wa kipupwe. Karibuni.

Mama wa watoto watatu, Makete

Kaka, nakuheshimu, ila umeandika ukiwa Mbeya mjini. Njoo kwetu mwezi huu uamke ukute sakitu imelala juu ya viazi, majani yote meupe. Darasa la mwanangu madirisha hayana vioo, wazazi tumeziba kwa mabati na viroba. Ukisema tufungue, watoto watakaa wamejikunyata, vidole havishiki kalamu. Hapo wanasoma nini?

Tena mwanangu mdogo alilazwa kwa nimonia akiwa na miezi minne. Ilikuwa mwezi wa saba. Wodi imejaa, vitanda tunagawana. Mwezi wa kwanza nilipompeleka kliniki, wodi ile ile ilikuwa kimya. Halafu uniambie baridi haihusiki? Haya niliyaona kwa macho yangu.

Muuguzi, Iringa

Mama, pole kwa yaliyokupata, na hujakosea. Kaka naye hajakosea. Ngoja nieleze, maana jambo hili nalikuta kazini kila kipupwe.

Mwaka 2007 watafiti wa New York walitumia simbilisi, hawa hawa tunaowafuga huku Nyanda za Juu Kusini. Waliwaambukiza wachache virusi vya mafua makali, wakawaweka kwenye vizimba jirani na wazima, hewa ikipita kati yao. Kwenye nyuzi 5 ugonjwa ulihama kwa urahisi. Kwenye nyuzi 30 haukuhama kabisa kwa njia ya hewa. Hewa kavu nayo iliusaidia kusambaa. Sasa fikiria kipupwe cha Njombe na Makete: baridi, na mvua hakuna kwa miezi. Ni mazingira ambayo kirusi hicho kinayapenda.

Mwili nao una lake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha, kwa kutumia chembe hai za njia ya hewa za panya, kwamba kirusi cha mafua ya kawaida huzaliana vizuri zaidi kwenye nyuzi 33 kuliko 37, kwa sababu kwenye ubaridi kinga ya chembe hizo inazubaa. Na nyuzi 33 ndilo joto la ndani ya pua. Miaka kumi kabla yake, huko Cardiff, Uingereza, watu 90 walitumbukiza miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20, wengine 90 wakakaa na miguu mikavu. Siku chache baadaye, 13 wa kundi la kwanza walisema wana mafua, dhidi ya 5 wa kundi la pili. Ila hawakupimwa virusi, kwa hiyo huenda walikuwa navyo tayari, baridi ikaviamsha tu.

Ninachosema: baridi inamfungulia kirusi mlango, lakini haimzai. Usipokuwepo mtu mwenye kirusi chumbani, utatetemeka tu.

Na mama, naomba nikuulize kwa upole, usiku mnaota moto gani? Maana ninaowapokea wodini wengi wametoka kwenye nyumba iliyofungwa pande zote na jiko la mkaa katikati. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani unakaribia kuongeza maradufu hatari ya mtoto kupata maambukizi ya mapafu. Mkaa usiotoa moshi ndio unaotisha zaidi, gesi yake haina harufu, na familia nzima inaweza isiamke. Jiko lisilale ndani, hata iweje.

Tena ukiona mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja anapumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea ndani kila akivuta hewa, usingoje asubuhi.

Mchangiaji, Kilifi

Ndugu zangu wa bara, mnazungumza kana kwamba mapafu yanaumwa kwenye baridi peke yake. Huku kwetu watafiti wamekifuatilia kwa miaka mingi kirusi cha RSV, hiki kinachobana vifua vya watoto wachanga. Wimbi lake kwa kawaida huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea mpaka kaskazi. Yaani wakati jasho linatutiririka na usiku hatulali kwa joto. Hapo utaieleza vipi kwa baridi?

Na mnakumbuka mwaka 2020 tulivyoambiana kwamba jua la Afrika litaiua korona? Manaus, katikati ya msitu wa Amazoni, joto na unyevu mwaka mzima, ilizika watu kwa makaburi ya halaiki mwezi wa nne mwaka huo huo. Delhi ilielemewa mwezi wa nne na wa tano 2021, ambayo ni miezi yao ya joto kali. Kirusi kipya kisichokutana na kinga ya mtu yeyote hakisubiri msimu.

Ndiyo maana naogopa tukiimba wimbo wa baridi. Mtu wa Pwani atajiona yuko salama.

Mswahili, Muscat

Naongeza moja. Huku kiangazi joto linapita nyuzi 40, tunajifungia ndani kwa ajili ya joto kama nyinyi mnavyojifungia kwa ajili ya baridi. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa ya nje, kinapoza ile ile mliyokwisha kuivuta. Ofisini kwetu mmoja akianza kupiga chafya Jumapili, kufika Alhamisi meza nusu ziko tupu.

Mwalimu, Limuru

Nina wanafunzi 62 kwenye chumba kimoja, na ukungu wa Julai hapa hauondoki hadi saa tano. Nimejaribu njia hii: nafungua madirisha ya juu pande mbili, yale ya chini nayaacha yamefungwa. Hewa inapita juu ya vichwa, haiwapigi usoni. Wakati wa mapumziko wote nje, kila kitu wazi.

Kinachonikwaza ni sare. Kofia ya sufu na jaketi visivyo vya rangi ya shule vinachukuliwa langoni. Mtoto anaingia darasani na sweta moja iliyochakaa, na wa kwanza kuomba dirisha lifungwe ni yeye. Nimelisema kwenye mkutano wa walimu mara mbili, nikajibiwa kwamba nidhamu itaporomoka. Inaniuma. Mtoto aliyevaa vizuri anavumilia dirisha wazi. Anayetetemeka hawezi, na hana kosa.

Mleta mada, Mbeya

Mwalimu, umenigeuza. Niliandika habari ya vioo nikasahau mwili ulio nyuma ya kioo. Mama wa Makete, nakuomba radhi. Kanuni moja ya nchi nzima haifai, na kumfungulia dirisha mtoto asiye na koti ni ukatili.

Kwenye daladala bado nashikilia: vioo viwili, cha mbele na cha nyuma, viachwe wazi kiasi cha upana wa kiganja, na mwenye mtoto apewe siti ya mbali navyo. Kwa shule, nadhani tuanze na kofia na majaketi ya rangi yoyote kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, ndipo tudai madirisha. Mnaopinga, nipeni sababu.

Mama wa watoto watatu, Makete

Nimekusamehe, kaka. Muuguzi, jiko nimelitoa jana usiku, tumelala wanne kitanda kimoja.

Kikao cha wazazi ni Ijumaa. La kofia nitalisema mimi mwenyewe. La madirisha ya juu siwezi, kwa sababu darasa letu halina madirisha ya juu, mafundi walijenga ukuta mtupu hadi kwenye paa. Mwenye kujua gharama ya kutoboa mawili, fundi na mbao, aniandikie kabla ya Ijumaa.