Kuanguka kwa Otrar, Nomad au Mongol: nianze na ipi?

Kisiwani
Wakuu, nimechoshwa na tamthilia za Kituruki. Nataka filamu nzito ya historia ya Asia ya Kati. Ninazo tatu: Kuanguka kwa Otrar (1991), Nomad (2005) na Mongol (2007). Wikiendi hii naweza moja tu.

Binti Pangani
Mongol. Mwongozaji Sergei Bodrov anakupa utoto wa Temujin (Genghis Khan wa baadaye), mapenzi yake na Börte, na vita vinavyofuata. Iliwania hadi Oscar. Nomad ina nyika na farasi wa kupendeza, lakini waigizaji wakuu waliletwa kutoka Marekani na Mexico kucheza Wakazakhi, na inaonekana.

Mtazamaji
Dada, Mongol naiheshimu, ila Otrar ni kitu kingine kabisa. Mwongozaji Ardak Amirkulov hamtukuzi mtu. Unju, mpelelezi wa Kikipchak (kabila la nyika), amekaa miaka katika jeshi la Genghis Khan, anarudi Khwarezm, dola yenye mji wa Otrar, kumwonya mtawala wake, Shah Muhammad. Anachoambulia ni mateso. Sehemu kubwa ya mwanzo ni minong'ono ya ikulu na vyumba vya kutesea watu, picha zikipokezana kati ya rangi ya kahawia iliyofifia na rangi kamili. Kisha Wamongolia wanafika kwenye ukuta wa Otrar, 1219, na wewe unajua mji huu ulionywa. Inauma sana. Hati ya filamu waliandika mwongozaji Mrusi Aleksei German na mkewe Svetlana Karmalita; ule msongamano na matope ni ulimwengu wa German mtupu.

Kaskazi
Mtazamaji, umeisahau Andrei Rublev, filamu ya Mrusi Tarkovsky (1966)! Bolot Beyshenaliev, aliyecheza khan wa Kitatari anayeuvamia mji wa Vladimir humo, ndiye Genghis Khan wa Otrar. Na tazama adhabu: kule mtu anamiminiwa madini yaliyoyeyuka mdomoni, huku ni fedha ya moto usoni mwa Kairkhan, liwali aliyewaua wafanyabiashara wa msafara wa Wamongolia. Mimi kwenye mzingiro namwona na Kurosawa, yule mwongozaji Mjapani.

Binti Pangani
Hayo yote sawa, lakini mwambieni ukweli: urefu wake ni karibu saa tatu, na si ya kutazama na watoto sebuleni.

Kisiwani
Watoto watakuwa kwa bibi yao. Naenda na Otrar.

Mtazamaji
Umechagua vyema. Mwongozaji Martin Scorsese mwenyewe aliipigia debe Marekani. Majina yakikuchanganya, washike Unju na Kairkhan tu. Wengine utawajua mzingiro ukianza.