Bei inapanda na kinga yangu inakula hasara: nifunge?

Mnunuzi_Arabika
Wakuu, naomba ushauri. Nina kahawa ya arabika ghalani, kama tani 51, bado haijapata mnunuzi. Siku niliyoinunua niliuza mikataba 3 ya baadaye (ahadi za kuuza kahawa mwezi wa mbele kwa bei iliyopangwa leo) kwenye soko la New York kwa senti 200 kwa ratili, ili bei ikishuka nisiumie. Sasa imefika 230. Dalali ananipigia kila asubuhi niongeze dhamana, yaani fedha za kufidia hasara ya mikataba, na bosi anasema kinga imetutia hasara, niifunge leo kwa kuinunua tena mikataba. Nimfuate?

Mzee_wa_Mizani
Ndugu yangu, usifunge kabla ya kupiga hesabu ya pande zote mbili. Mkataba mmoja ni ratili 37,500, kwa hiyo kila senti moja ni dola 375. Senti 30 kwa mikataba 3 ni dola 33,750 zilizotoka. Bosi anaziona hizo kwa sababu zinachomoka benki kila siku. Kahawa iliyoko ghalani nayo imepanda thamani karibu kiasi hicho hicho, ila hiyo haigeuki fedha mpaka uiuze.

Ukifunga leo, hasara unaibeba na mzigo unabaki uchi. Bei ikirudi 200, umeumia mara mbili. Hapo hujikingi tena, unabahatisha.

Nimekaa miaka kwenye meza ya kukinga kahawa, na ninachokihofia kuliko vyote ni fedha taslimu. Machi 2008 bei ya pamba New York ilipaa ghafla. Wafanyabiashara waliokuwa na pamba halisi, waliojikinga sawasawa, walikwama kwa kukosa fedha za dhamana, na wapo waliofunga biashara kabisa. Nenda benki sasa hivi, uombe mkopo wa dhamana kwa rehani ya mzigo ulioko ghalani, kabla dalali hajakufungia mwenyewe.

Halafu fuatilia pengo kati ya bei anayokupa mnunuzi na bei ya New York. Mkataba haulikingi. Mnunuzi akikushusha senti 6 chini ya ulivyotarajia, dola 6,750 zimekwenda, hata kama kinga yako haina dosari.

Karani_Ghala
Naongezea. Anayeogopa simu za dhamana anaweza kununua haki ya kuuza kwa bei iliyopangwa, bila kulazimika kuuza: unalipa ada mara moja, bei ikipanda unapoteza ada tu. Shida ni kwamba soko likichafuka na ada nayo hupanda.

Mkuu, ni arabika tupu? Robusta hukingwa London, mkataba wa tani 10, na bei zake haziendi sambamba na za New York kila mara.

Mnunuzi_Arabika
Arabika tupu. Mzee, nikipata mnunuzi naondoa mikataba yote kwa mpigo?

Mzee_wa_Mizani
Hapana. Unaondoa kadiri unavyouza. Umekubaliana bei ya tani 17, saa hiyo hiyo nunua mkataba 1 kufunga mmoja kati ya ile uliyouza. Miwili ibaki inalinda tani zilizosalia. Na usisubiri mkataba ufike kipindi cha makabidhiano ya kahawa yenyewe, uhamishie mwezi wa mbele mapema: nunua huu, uuze wa mwezi wa mbele. Mwezi wa mbele ukiwa na bei ya chini kuliko huu, kuhamisha kutakula senti kadhaa kwa ratili. Mpelekee bosi hesabu hiyo kwa maandishi leo, pamoja na thamani ya kahawa iliyoko ghalani.